Mita ya Bwana Rwegasira

Kampuni ya mita ilipoenea nchi arobaini, sheria ikawa moja kote: nyumba ikimaliza mgawo wake wa umeme, mita hujifunga hadi Jumatatu, na fundi atakayeifungua kwa huruma huenda jela.

Ndivyo mama yake Tausi alivyokata roho Ijumaa moja, mashine yake ya kupumulia imezimika. Tausi alikuwa amempigia magoti meneja wa kampuni, Bwana Rwegasira, akafukuzwa kama mbwa. Akasomea ufundi wa mita, akaajiriwa na kampuni ileile, akasubiri miaka tisa.

Rwegasira alistaafu, mapafu yake yakachakaa, naye akawa anapumua kwa mashine. Jumamosi moja mita yake ikajifunga, na fundi aliyetumwa kuikagua alikuwa Tausi. Alimkuta mke wa meneja akimsukumia mumewe hewa kwa pampu ya mkono.

"Mwanangu, tufungulie," bibi alisihi. "Ufunguo si unao?"

"Ninao, mama. Mumeo anajua kwa nini siutumii."

Rwegasira alimtazama, akamtambua, akafumba macho.

Jumatatu, Rwegasira akiwa ameshazikwa, kampuni ilimpandisha Tausi cheo kwa uaminifu wake. Jioni, nyumbani kwake, Tausi alimsomea mume wake mwenyewe barua ya cheo huku akicheka. Mumewe hakucheka.

"Na ingekuwa mimi niliyekosa hewa?" aliuliza.

Tausi akawa anaikunja ile barua, anaikunja tena, mpaka ikawa haikunjiki.