Kadi Iliyopigwa Pasi

Bi Mize alikuwa amepofuka ukubwani, kwa hiyo Saumu, mtengeneza kadi, alijiambia kuwa hatajua. Kadi ya harusi ya mjukuu wa Bi Mize aliitengeneza kwa karatasi ya harusi nyingine iliyovunjika. Jina la yule bibi harusi, alilokuwa amelikandamiza kwa nyuma hadi likatuna, alilipiga pasi likalala, kisha akatoboa maua ya asumini juu yake kwa sindano. Kwa macho, kadi haikuwa na kasoro.

Bi Mize aliipokea kwa mikono miwili. Vidole vyake vikatembea juu ya vitundu, ua kwa ua, huku akitabasamu. Kwenye ua la mwisho vikasimama, vikarudi nyuma, vikifuata alama hafifu za herufi zilizolazwa.

"Sal... Salha," alisoma taratibu. "Mwanangu, mbona bibi harusi wa mjukuu wangu anaitwa Tatu?"

"Nisamehe, Bi Mize. Nilijiambia wewe... huoni."

Bi Mize hakumgombeza. Aliiweka kadi mapajani, akanyoosha mkono, akaanza kuupapasa uso wa Saumu polepole, kama anayetafuta jina jingine lililofutwa. Uso ulikuwa ukiwaka moto chini ya vidole vile, na Saumu hakuthubutu kuuondoa.