Kilomita Kumi na Tatu za Octavian

Kila asubuhi mzee Sylvanus wa Kibaoni alikimbia kilomita kumi na tatu akiwa ameketi juu ya baiskeli.

Mkononi alivaa saa ya mwanawe, ile ya wanariadha, inayosoma setilaiti. Alikanyaga pedali polepole, jicho moja barabarani, jingine kwenye kioo cha saa, maana Octavian alitumia dakika nne na nusu kwa kilomita, na mama yake alizijua dakika hizo kama anavyoijua rozari. Mwendo ukizidi, mzee alifunga breki. Majirani walimwamkia wakapita. Wote walijua, na wote walikuwa wameombwa kunyamaza.

Octavian alikuwa amekufa. Lori la mpunga lilimgonga karibu na daraja la Mto Kilombero, wiki ya pili tangu mama yake, Febronia, apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa moyo. Siku hiyohiyo ukoo ulikaa. Brigitha, dada yake Sylvanus, ndiye aliyetamka lililokuwa vinywani mwa wote.

"Mgonjwa hapelekewi msiba. Apone kwanza. Akirudi tutamkalisha, tutamwita padri, tutamwambia kwa utaratibu."

Walimzika kijana kwenye makaburi ya parokia, kando ya miti ya mitiki, mama yake hayupo. Sylvanus alilia mpaka sauti ikakauka, ndipo akakumbuka simu. Kabla Febronia hajasafiri, Octavian alimwekea kwenye simu yake ramani ya mbio zake, ili kila siku aone mwanawe alikopita. Sasa zilipita siku tano bila mstari wowote, na mgonjwa alishaanza kuuliza.

Sylvanus akamwendea Gosbert, aliyekuwa akikimbia na marehemu.

"Niambie uzuri wa saa hii."

"Haipotezi njia, mzee. Inachora kila kona unayokata. Maji haiogopi, na chaji inakaa wiki nzima."

"Na ubaya wake?"

Gosbert alikuna kichwa. "Juani kioo hakisomeki vizuri. Tena inahesabu hatua na mapigo ya moyo. Kwenye baiskeli hatua hakuna. Na moyo wako, mzee, si wa kijana."

"Vifiche hivyo."

Gosbert akabofya hapa na pale, vikafichika. Zikabaki njia na muda tu.

"Basi ubaya wake umekwisha," alisema Sylvanus, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akapumua.

Febronia aliambiwa kuwa simu ya Octavian imeingia maji, haitoi sauti, inapokea meseji tu. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Sylvanus ilikuwa ndefu, tena ya vumbi: Kibaoni hadi darajani na kurudi, kila siku ya Mungu. Akirudi alikata kona kwenye mitiki, akaegemeza baiskeli, akavua kofia, akampa mwanawe habari za mama yake. Kisha alipanda tena na kumalizia mbio.

Meseji za Febronia ziliingia kabla hajashusha pumzi. Zamani alikuwa akimtania Octavian, kwamba hata kobe wa Masagati angempita. Tangu apasuliwe, utani ulikwisha.

"Kula, hata kama chakula hakipandi."

"Sawa, mama," alijibu Sylvanus kwenye simu ya marehemu.

"Jana ulitoka na mvua. Usijiue. Mimi naendelea vizuri."

"Sawa, mama."

Siku nyingine aliuliza, "Pale unapopumzika pana kivuli?"

"Kipo, mama."

"Namshukuru Mungu," aliandika Febronia, na siku hiyo hakuandika tena.

Sylvanus aliichukia saa ile, na hakuivua hata akilala. Ilimuuma kuitwa mwana na mkewe mwenyewe, ilimuuma zaidi kuitikia. Mara mbili aliandika ukweli wote, akaufuta. Aliwaza moyo ulioshonwa juzi, akaona heri wake yeye upasuke. Kesho yake alipanda baiskeli tena.

Ulipotimia mwezi wa pili, Febronia aliruhusiwa kurudi nyumbani. Brigitha alipika wali na kuku, padri akaahidi kuwapo kufikia saa kumi. Sylvanus alivua saa, akaitia mfukoni, akaenda stendi akiwa na uongo wa mwisho kichwani: Octavian yuko Mlimba kwenye mashindano, atarudi jioni.

Febronia alishuka kwenye basi akiwa amekonda, mkoba mdogo kifuani. Alimtazama mumewe, akauchukua mkono wake wa kushoto na kuupapasa pale penye alama ya mkanda.

"Umekwisha, Baba Octavian."

"Pole na safari, Mama Octavian. Twende, wanatungoja."

Alingoja swali, na hakuulizwa. Walipanda bajaji. Dereva aliamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Niwapeleke Kibaoni?"

"Kibaoni baadaye," alisema Febronia, akifungua mkoba na kutoa mishumaa miwili. "Tupitie kwanza kwenye mitiki, pale mume wangu anaposimama kila asubuhi dakika kumi na mbili."