Chungu cha Uji Mlangoni pa Nguchiro

Zamani wanyama waligawana madaraka. Simba alibaki mlimani na kazi ya kutoa vibali, na Kanga akapewa Bonde la Ndege na wagonjwa wake.

Nguchiro akapata kibali, akafungua kibanda cha kamari bondeni. Dau lilikuwa manyoya, na aliyeshindwa alinyonyolewa papo hapo. Haikupita wiki, kware na njiwa wakawa uchi, wanatetemeka.

Kanga alipanda mlimani. "Mfalme, tunaomba kibanda kile kifungwe."

"Vibali ni vyangu," alisema Simba. "Kazi yako ni kuwauguza walioumia. Tusiingiliane."

"Basi nitawauguza pale pale wanapoumia."

Kesho yake Kanga aliteleka chungu cha uji mlangoni pa Nguchiro. Walionyonyolewa wakakizunguka, wakinywa taratibu. Kila aliyekuja kucheza aliwaona, akayatazama mabawa yake, akarudi kwao.

Nguchiro alikimbilia mlimani. "Mfalme, waondoe wale wagonjwa!"

Simba alipiga mwayo. "Wagonjwa ni wa Kanga. Mimi siingilii."

Kibali kingali kimetundikwa kibandani. Nguchiro naye siku hizi hupanga foleni ya uji.