Gudbai ya Makame

Siku Makame anaondoka, alimwambia mamake, "Gudbai." Bi Tausi, badala ya kumwitikia "ya kuonana" kama watu wote, alisonya, akaendelea kuchekecha unga. Kizungu, mlangoni kwake! Mwaka wa tisa huu, hata salamu haijaja.

Leo kamuuliza Mzee Ngwali, karani mstaafu, maana ya neno lile.

"Asili yake dua, bibi wee. Mungu awe nawe. Wazungu wamelitumia mpaka limeisha kama sabuni."

"Na aliyeombewa huitikiaje?"

"Dua huitikiwaje? Amina!"

Bi Tausi alirudi kwake, akashika chekeche, akasimama mlangoni kuitazama njia. Unga wote ulimwagikia miguuni, na ile amina bado imemkwama kooni.