Macho ya Kinyonga Klabuni

Klabu ya wanyama iliandaa shindano la wawili wawili: asubuhi gofu, jioni kulenga kwa bunduki visahani vya udongo vinavyorushwa hewani.

Twiga, bingwa wa klabu, alimkataa Kinyonga. "Jicho moja huku, jingine kule! Huyo hana msimamo."

Ngiri, asiyetakwa na yeyote, akambeba Kinyonga mgongoni. "Twende, ndugu yangu, tukashindwe pamoja."

Kwenye gofu, Twiga alizungusha fimbo, akainua shingo aone mpira unaelekea wapi, kumbe hata hajaugusa. Kinyonga alitazama mpira kwa jicho moja, shimo kwa jingine. Jioni, jicho moja lilitulia kwenye bunduki, jingine likafuata visahani. Wakashinda.

"Mwakani tucheze pamoja, bwana," Twiga akasihi.

Kinyonga akamgeuzia jicho moja tu. La pili halikubanduka kwa Ngiri.

"Mwenzangu ninaye."