Rangi ya Sarafu ya Baba

Sarafu ilikuwa nyeupe tena.

Fundi saa aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani, akasonya. Wiki iliyopita tu aliona rangi ya samli imeanza kutanda ukingoni, na katikati weusi wenye ubuluu kwa mbali, rangi anayoipenda kuliko kitu chochote. Alirudi kwake anapiga mluzi. Leo kitu kinang'aa kama kijiko kipya. Kwenye mifereji ya maandishi kumesalia unga mweupe. Akauonja kwa ncha ya ulimi. Magadi soda.

"Alikuja Jumatano?" aliuliza.

"Alikuja," mama alijibu kutoka kwenye kiti chake. "Mdogo wako siku hizi hakosi."

Hakosi. Ndiyo balaa lenyewe. Sarafu ile ya fedha ni kitu pekee alichoacha baba yao kisichogawanyika, na ndugu wote wawili ni wakusanyaji, tena wasioelewana hata chembe. Mkubwa, huyu fundi saa, anashikilia kwamba sarafu iachwe ishike rangi yenyewe, miaka nenda miaka rudi, na rangi hiyo ndiyo heshima yake. Mdogo, ambaye kazi yake ni kutengeneza meno bandia, hataki kuona kitu kisicho cheupe. Kwake rangi ya umri ni uchafu, basi. Walirushiana maneno mazito, na mwaka wa tatu huu hawasemezani. Mama akakata shauri: sarafu inabaki kwake, ndani ya kikasha cha kioo juu ya meza ya sebuleni, na haitoki mpaka wapatane. Anayetaka kuitazama aje.

Wakawa wanakuja. Mkubwa, ambaye zamani alionekana mara mbili kwa mwaka, tena mguu mmoja nje mmoja ndani, sasa kila Jumamosi yuko pale na lenzi yake jichoni. Mdogo alikuwa mtu wa simu tu, akajitwalia Jumatano. Wiki nyingi kila mmoja anafika, anakagua, anawaka, analishwa, anamsema mwenzake mpaka jioni, kisha anaondoka na hasira za kumrudisha wiki inayofuata.

Lakini leo imepita kiasi. Chini ya lenzi, mkubwa aliona pua ya kichwa kilichochorwa juu ya sarafu imelika. Kila inaposuguliwa, chembe ya fedha inakwenda zake na hairudi. Miezi sita zaidi ya upuuzi huu na baba yao atakuwa amewaachia kibati kitupu. Alitaka kulia, na alitaka kumkaba mtu koo. Akachukua simu, akampigia mdogo wake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akamwambia aje sasa hivi.

Mama aliinuka. Akasema hakuna haja, watu wasije wakaumizana, hayo yasubiri Jumamosi ijayo. Hakuna aliyemsikiliza.

Mdogo alifika na koti lake la kazini, uso umemvimba kwa hasira. Hakungoja kuulizwa. Alisema amechoka kuja Jumatano na kuikuta sarafu ya baba nyeusi kama kitako cha sufuria, tena inanuka yai. Kaka anadhani yeye hajui? Yai lililochemshwa, likafungiwa pamoja na sarafu kwenye mfuko wa plastiki, usiku mmoja tu fedha inageuka rangi. Huo ni ujanja wa matapeli.

"Mimi?" Mkubwa alimaka. "Mimi niliyengoja sarafu zangu zishike rangi miaka thelathini, leo nitumie yai? Wenzangu wakijua si watanicheka mpaka kaburini?"

"Na mimi nina mashine ya kung'arishia kazini. Nimsugue baba kwa magadi soda, kama masufuria?"

Wakatazamana. Walijuana tangu utotoni, na kila mmoja alijua vizuri majivuno ya mwenzake. Huo haukuwa uongo. Mkubwa aliikumbuka ile rangi ya samli iliyompigisha mluzi, kumbe ni ya yai, akaona haya.

Basi kuna mtu anawachezea. Wakaanza kutaja majina ya wanaoingia nyumba ile: jirani mwenye ufunguo wa akiba, fundi bomba, mama wa kufua nguo. Mama alipoulizwa alisema macho yake haya siku hizi hayaoni hata uzi kwenye sindano, atajuaje. Ndipo ndugu wale, bila kugombana, wakaamua kwa dakika tano jambo lililowashinda miaka mitatu. Sarafu ikakae benki, kwenye kisanduku cha chuma, isisuguliwe wala isitiwe rangi. Mdogo alimtania kaka yake kuhusu kitambi, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mama, sasa pumzika," mkubwa alisema huku akitia kikasha mfukoni. "Hatutakusumbua tena kila wiki."

Mama aliwaambia wakae basi angalau wale, chakula kiko motoni. Lakini walitaka kuiwahi benki kabla haijafungwa, wakasema watakuja siku nyingine wakipata nafasi. Akasimama mlangoni mpaka gari lao likakata kona.

Jumanne asubuhi alichemsha yai, akalimenya, akalikata vipande viwili, akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Akaenda sebuleni kuchukua sarafu, akaikuta meza tupu. Akarudi jikoni, akalila lile yai akiwa amesimama.