Maiki ya Kiunoni

Mpiga gita alikaza skrubu ya stendi ya maiki kama alivyozoea, akarudi nyuma kuangalia. Sawasawa.

Ukumbi wa harusi ulikuwa umefurika. Bendi yao haikuwa na wimbo iliotunga yenyewe hata mmoja. Ilipiga nyimbo za watu, za kila rika, ndiyo maana mabibi walishawahi viti vya mbele na wajukuu walikuwa wanateleza sakafuni kwa soksi.

Mwimbaji mpya akapanda jukwaani, mdogo wa marehemu mke wa mpiga gita. Maiki ikamfika kiunoni.

"Shemeji," akanong'ona, "hii umempimia nani?"

Mpiga gita akaitazama. Tangu miguu ilipomwishia nguvu, mkewe alikuwa akiimba amekaa kitini. Kiti chenyewe kilibaki nyumbani, lakini mkono wake yeye mpiga gita ulikuwa bado haujapewa habari za msiba.

Akaikimbilia ile skrubu.

"Iache," shemeji akamshika mkono.

"Utaimbaje sasa?"

Shemeji akakusanya gauni lake, akapiga magoti mbele ya maiki, akaanza kuimba.

Kule sakafuni watoto wakatazamana. Wakadhani ndivyo wimbo huo unavyochezwa, nao wote wakapiga magoti.